Uso wa Mshabiki na Kicheko cha Walimwengu

Jumanne tarehe 6 Januari 2026, mjini Rabat, Morocco, timu ya taifa ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipambana na Algeria katika hatua ya 16 bora ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Kati ya maelfu ya watu waliokuwa wakiruka, wakiimba na kupiga ngoma, mtu mmoja hakufanya lolote kati ya hayo. Alisimama wima, amevaa suti na miwani, mkono wa kulia ameuinua juu na kiganja kikiwa wazi, macho yakitazama mbele. Hakupunga mkono wala hakugeuka kumtazama aliyempita. Askari yeyote aliyewahi kusimama gwaride chini ya jua kali anajua jinsi dakika kumi za utulivu zinavyoweza kuwa ndefu. Mtu huyo alikuwa amekwisha kusimama hivyo katika mechi za makundi, na siku hiyo alianza tena, mpira ulipoanza.

Mtu huyo ni Michel Kuka Mboladinga, mshabiki kutoka Kongo, ambaye wenzake wamemzoea kwa jina la Lumumba. Mkao wake ni mkao wa sanamu ya Patrice Lumumba iliyosimama Limete, mjini Kinshasa. Picha zake zilienea duniani katika muda wa siku chache. Watoto wa mataifa mengine walisimama mbele ya simu wakamwiga. Wengine waliandika maneno ya utani chini ya picha hizo: huyu ni mtu anayesubiri mshahara wa mwisho wa mwezi, huyu ni mume aliyeambiwa na mkewe asubiri kidogo mlangoni. Kicheko kilikuwa kingi, na sehemu kubwa yake haikuwa na ubaya.

Lakini wazee wa Kongo walipoutazama mkono ule hawakuona utani. Patrice Lumumba alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi hiyo iliyopata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Hakumaliza hata miezi mitatu madarakani kabla ya kuondolewa, na tarehe 17 Januari 1961 aliuawa Katanga pamoja na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Alikuwa na umri wa miaka 35. Mwili wake uliharibiwa usionekane tena, na kilichobaki ni jino lililochukuliwa na askari polisi wa Kibelgiji aliyeshiriki katika kazi hiyo. Jino hilo lilirudishwa kwa familia yake mwezi Juni 2022, baada ya miaka zaidi ya sitini. Basi mtu anayesimama kama sanamu ya Lumumba amebeba msiba wa taifa zima mabegani mwake, hata kama jirani yake uwanjani anadhani ni mchezo.

Siku hiyo ya Rabat, Algeria ilipata bao moja muda wa nyongeza ulipokuwa unakaribia kwisha, na Kongo ikatolewa. Sanamu ikashuka. Mtu aliyekuwa ametulia kama jiwe alionekana akilia, na machozi yake nayo yakapigwa picha. Kisha mchezaji mmoja wa Algeria, katika furaha ya ushindi, akauinua mkono wake kama yeye, akasimama kidogo, akajiangusha chini. Alikusudia kuchekesha. Watu wengi katika Afrika hawakucheka. Mchezaji huyo alipofahamishwa ni nani aliyekuwa akiwakilishwa na mkao ule, aliomba radhi hadharani na kusema kwamba hakujua. Wakuu wa soka wa Algeria nao wakampa mshabiki huyo jezi ya timu yao iliyoandikwa jina la Lumumba. Mambo yakaisha kwa heshima, kama yanavyoisha baina ya ndugu waliokoseana na kuelewana.

Kisa hicho cha jirani kinafaa kuzungumzwa nyumbani, kwa kuwa siku hizi hakuna nyumba isiyo na kicheko cha namna hii. Katika kota za askari, katika kantini na katika vibanda vya kuonyeshea mpira, kila mechi inapokwisha simu huanza kulia. Picha zinapita mkono kwa mkono: mshabiki aliyeshika kichwa, mshabiki aliyefunika uso kwa skafu, mama aliyepiga magoti. Ni nadra mtu kuuliza mwenye uso huo ni nani, na kesho ataamka vipi.

Jinsi uso unavyokamatwa

Yafaa kwanza kufahamu kazi inavyofanyika. Mechi kubwa ya televisheni haipigwi kwa kamera moja. Kamera nyingi huzunguka uwanja, na baadhi ya wapiga picha hawaufuati mpira hata kidogo; kazi yao ni kutafuta nyuso jukwaani. Mwongozaji wa matangazo hukaa mbele ya vioo vingi na kuchagua kioo kipi kiende kwa watazamaji. Bao linapofungwa au nafasi inapopotea, mchezo husimama kidogo, na nafasi hiyo lazima ijazwe. Hapo ndipo anapotafutwa mtu ambaye uso wake unasema yale ambayo maelfu wanayaona moyoni.

Mtu huyo hajui kwamba amechaguliwa. Hajapewa nafasi ya kufuta machozi wala kufunga mdomo. Sekunde mbili au tatu zinatosha. Mtazamaji mmoja aliye mbali anazikata sekunde hizo kwa simu yake, anaandika maneno chini yake, anazipeleka kwa rafiki, na rafiki kwa rafiki. Baada ya siku tatu mechi imesahauliwa, na uso umebaki peke yake, ukitumiwa kueleza bei ya unga, mtihani wa shule, au mkwe aliyefika bila taarifa. Maji yakimwagika hayazoleki. Na picha ya namna hiyo ikishatoka haina pa kurudi.

Aliyekunja uso Taunton

Wapo walioangukiwa na jambo hilo wakalipokea kwa moyo mkunjufu. Tarehe 12 Juni 2019, katika mji wa Taunton nchini Uingereza, Pakistan ilicheza na Australia katika Kombe la Dunia la kriketi. Katika mchezo huo, mpigaji akiurusha mpira juu na mpinzani akaudaka kabla haujagusa ardhi, mpigaji hutolewa. David Warner wa Australia, ambaye alikuwa na alama 104, aliupiga mpira ukapaa, ukamwelekea Asif Ali wa Pakistan. Ulikuwa mpira wa kudakwa. Ukamponyoka.

Nyuma yake jukwaani alisimama mshabiki wa Pakistan mwenye ndevu, mikono kiunoni, midomo ameibana. Hakupiga kelele wala hakutukana. Alitazama tu, kama baba anayemtazama mwanawe aliyetumwa dukani akarudi na chenji pungufu. Kamera ikamkuta. Picha hiyo ilikwenda India, Afrika, Ulaya na Marekani, na mpaka leo inatumwa na watu ambao hawajapata kuutazama mchezo wa kriketi maishani mwao. Mwaka 2021 iliwekwa hata katika maonyesho ya picha za utani huko Hong Kong, na mwenyewe akaitangaza habari hiyo kwa furaha.

Kuna jambo moja ambalo wachekaji wengi hawalijui. Warner hakufika mbali baada ya kuponea pale. Alitolewa akiwa na alama 107. Mpira ule ulioponyoka uliigharimu Pakistan alama tatu tu kwa mpigaji huyo, na Pakistan ilishindwa kwa alama 41. Pakistan haikuangushwa na mkono wa mtu mmoja siku ile, ingawa picha inamfanya mtazamaji aamini hivyo. Hii ndiyo tabia ya picha: inaonyesha kitu cha kweli, kisha inamwacha mtu aongeze uongo wake mwenyewe.

Mzee na kombe lake

Tabia hiyo ilionekana pia Brazil. Tarehe 8 Julai 2014, mjini Belo Horizonte, wenyeji walifungwa na Ujerumani mabao 7 kwa 1 katika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Jukwaani alikuwapo Clóvis Acosta Fernandes, mzee mwenye masharubu meupe na kofia pana, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameifuata timu ya nchi yake katika Kombe la Dunia moja baada ya jingine, akibeba mfano wa kombe lenyewe. Mabao yalipozidi, alilikumbatia kombe lake kifuani na kuliegemeza shavuni, kama mtu anayemwaga marehemu. Picha hiyo ilienea dunia nzima, na wengi waliifanyia mzaha: Mbrazili anayelilia kombe lisilo la kweli.

Waliocheka na kufunga simu zao mapema hawakuona yaliyofuata. Mzee huyo alimwendea mshabiki mmoja wa Ujerumani, akamkabidhi kombe hilo, akamtakia heri katika fainali. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na mzee huyo alilitimiza neno hilo mbele ya mamilioni. Alifariki dunia mwezi Septemba 2015 kwa maradhi ya saratani. Picha ya machozi ilimwonyesha kama mtu aliyepoteza, na kitendo chake cha dakika chache baadaye kikaonyesha alikuwa mtu wa namna gani.

Usiku wa Chicago

Si kila kicheko kilikwisha vizuri. Kisa kinachostahili kukumbukwa na kila mwenye simu kilitokea kabla picha za utani hazijapata nguvu ziliyonayo leo. Tarehe 14 Oktoba 2003, mjini Chicago, timu ya besiboli ya Cubs ilikuwa ikiongoza 3 kwa 0 dhidi ya timu kutoka Florida. Cubs haikuwa imetwaa ubingwa tangu mwaka 1908. Ilibakiza kuwatoa wapigaji watano tu ili ifike fainali, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka 1945.

Mpira ukapigwa pembeni, ukaangukia ukingoni mwa jukwaa. Washabiki kadhaa walinyoosha mikono waudake, kama ilivyo desturi ya mchezo huo, na mchezaji wa Cubs naye aliruka ili audake. Mkono wa kijana mmoja aliyevaa kofia na visikizi masikioni ndio uliougusa. Mpira haukudakwa. Baada ya hapo wachezaji wenyewe walifanya makosa, wapinzani wakapata alama nane katika kipindi hicho kimoja, na mchezo ukaisha 8 kwa 3. Kesho yake Cubs ilishindwa tena, ikatolewa.

Wachezaji walikuwa wamekosea, lakini watu walihitaji uso mmoja wa kuutwisha lawama. Televisheni ilimrudia kijana yule mara nyingi, amekaa peke yake, macho yameganda. Watu wakaanza kumtupia bia na kumtukana. Walinzi wa uwanja walimzingira, wakamtoa nje kwa njia ya pembeni akiwa amefunika uso wake kwa nguo. Magazeti yalipotaja jina lake, polisi walilazimika kulinda nyumba yake. Aliandika taarifa ya kuomba radhi, na tangu hapo akajificha na macho ya watu. Hakukubali fedha za wale waliotaka ajitokeze katika matangazo au televisheni.

Cubs ilitwaa ubingwa mwaka 2016. Mwaka uliofuata viongozi wa timu walimpa mtu huyo pete ya mabingwa, sawa na zile wanazopewa wachezaji. Ilikuwa ni njia yao ya kukiri deni. Miaka karibu kumi na minne ilikuwa imepita tangu mkono wake uuguse mpira.

Walinzi na polisi waliomtoa mtu huyo usiku ule hawakuonekana sana katika habari, na majina yao hayakuimbwa. Huenda baadhi yao walikuwa washabiki wa Cubs nao, wenye uchungu uleule. Lakini mwenye dhamana ya usalama huupa mchezo mgongo na kuutazama umati. Kazi yake ni kumlinda aliye peke yake dhidi ya walio wengi, awe amekosea au hakukosea. Hilo ni somo ambalo askari analifahamu kazini. Yafaa alirudishe nalo nyumbani.

Mtoto wa Wembley

Tarehe 29 Juni 2021, mjini London, Uingereza iliifunga Ujerumani mabao 2 kwa 0 katika michuano ya Ulaya. Kamera ilimkuta mtoto wa kike wa Kijerumani akilia mikononi mwa baba yake. Mtoto akilia, mtu mzima humnyamazisha. Hiyo ni desturi ya kila kabila na kila taifa. Lakini baadhi ya watu wazima waliichukua picha ile wakaitapakaza kwa matusi yasiyoandikika katika ukurasa wa nyumbani.

Mtu mmoja wa Wales aliona aibu. Alianzisha mchango mdogo ili mtoto huyo anunuliwe zawadi na ajue kwamba si kila mtu ni mwovu. Fedha zilizokusanywa zilizidi pauni 36,000. Wazazi wake waliomba fedha hizo zipelekwe UNICEF kusaidia watoto wengine, na wakashukuru bila kulitangaza jina la mtoto wao. Simu zilezile zilizobeba matusi ndizo zilizobeba mchango.

Yaliyo karibu zaidi

Visa hivyo ni vya mbali, lakini mlango wa nyumba hauvizuii. Na ichukuliwe mfano wa baba aliyetoka zamu ya usiku, akakaa kutazama timu yake ikifungwa, akajifunika khanga ya mkewe kichwani kwa uchungu. Mtoto anacheka, anapiga picha, anaipeleka kwa shangazi. Shangazi anaipeleka kwa mumewe, na mumewe yumo katika kundi la simu la kikosi kilekile. Jumatatu asubuhi sajini anaingia kazini, na vijana anaowaamuru wanaumana midomo. Hakuna aliyekusudia kumvunjia heshima. Kila mmoja aliituma kwa mtu mmoja tu, au aliona ni kundi la ndugu tu.

Kwa nyumba za askari na polisi, picha ina uzito mwingine pia. Nyuma ya baba aliyejifunika khanga huenda kuna sare iliyotundikwa ukutani, yenye namba na cheo. Huenda dirisha linaonyesha lango la kambi. Kinachochekesha kiko mbele, na kinachodhuru kiko nyuma. Mama mwenye busara huwafundisha watoto kuitazama picha yote kabla ya kuituma, kama wanavyofundishwa kutazama pande zote kabla ya kuvuka barabara.

Utani wenyewe usifukuzwe nyumbani. Watani wa jadi wametaniana tangu enzi za mababu, hata msibani, na hawakugombana, kwa sababu utani wa Kiafrika una mipaka yake: mtani anajulikana kwa jina, naye ana haki ya kujibu. Picha ya simu imeondoa vyote viwili. Anayechekwa hajulikani, na hana pa kujibia. Basi anayetaka kucheka kwa haki na ajiulize maswali machache. Je, mwenye uso huu angecheka nasi kama angekuwa amekaa hapa? Je, ni mtoto? Je, chini ya mkao wake pana msiba ambao mimi siujui? Jibu likiwa halipatikani, picha na ibaki katika simu iliyoipokea.

Wahenga walisema mcheka kilema hafi bila kumfika. Leo ni mtu wa Taunton, kesho ni mtu wa mtaa wa pili, kesho kutwa ni mwenye simu mwenyewe, aliyesahau kwamba ukutani pana kamera. Mchezaji wa Rabat aliigiza mkono ulioinuliwa bila kuuliza uliinuliwa kwa ajili ya nani. Alipoambiwa, aliona haya na kuomba radhi, na hiyo ndiyo sifa yake. Lakini njia nyepesi zaidi ilikuwapo tangu mwanzo, nayo ni kuuliza kwanza.